Tiki moja haitoshi

Kila uchaguzi unapokaribia huko nyumbani, wapinzani huhimizwa waungane. Hukutana, hupiga picha wameshikana mikono, kisha kila mmoja huenda kuchukua fomu yake. Tunawalaumu kwa uroho wa madaraka, na lawama hiyo wanastahili. Lakini utaratibu wenyewe wa kupiga kura nao una lawama yake.

Tuchukue Kenya, Desemba 1992. Rais Moi alitangazwa mshindi kwa takriban asilimia 36. Zaidi ya asilimia 60 waligawanyika baina ya Matiba, Kibaki na Jaramogi Oginga Odinga. Hata tukiweka kando malalamiko ya wizi, hesabu ni hiyo. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Ipo njia nyingine, tuiite kura ya ridhaa. Karatasi ni ile ile, ila mpiga kura anaweka alama kwa kila mgombea anayemkubali, awe mmoja au watatu. Kila alama ni kura nzima, na mwenye nyingi ndiye mbele. Mfuasi wa Matiba angeweza kumkubali na Kibaki pia, bila karatasi yake kuhesabiwa kuwa imeharibika.

Si ndoto. Mjini St. Louis, Marekani, mwaka 2017 mchujo wa umeya wa chama cha Democratic ulikuwa na wagombea saba, na mshindi alipita kwa asilimia 32 tu. Novemba 2020 wananchi wakabadili kanuni. Machi 2021 Tishaura Jones alikubaliwa na asilimia 57 ya wapiga kura, Cara Spencer asilimia 46. Jumla inapita mia kwa kuwa wapo waliowakubali wote wawili. Hao wakaingia duru ya Aprili, Jones akashinda.

Wapo wanaopinga kwamba ukimkubali wa pili unaweza kumwangusha wa kwanza wako. Ni kweli, lakini uamuzi huo unabaki mkononi mwa mpiga kura.

Mji wa Fargo nao uliipitisha mwaka 2018. Mwaka 2025 bunge la jimbo la North Dakota likaipiga marufuku. Hata huko, kanuni ya kura iko mikononi mwa watawala.

Tanzania iliondoa sharti la rais kupata zaidi ya nusu ya kura mwaka 2000. Wanaodai Katiba mpya na tume huru wana haki. Kura ya ridhaa haimzuii mwizi wa kura, hilo ni la tume. Lakini tudai vyote viwili: anayehesabu awe huru, na kinachohesabiwa kiwe ridhaa ya wengi.