Ustadi wa Karata Hauhalalishi Dau



Mzazi mmoja wa Bariadi ametuletea shauri. Mwanawe wa miaka 17 hucheza karata kwenye simu, akishindana na watu asiowajua. Amekuwa hodari: huhesabu turufu zilizokwisha kutoka, hukumbuka nani hana kopa, wala hatoi karata kubwa kabla ya wakati wake. Baba alipogundua kwamba sehemu ya fedha za pamba imelipia viingilio vya mashindano hayo, kijana alijitetea: "Baba, hii si bahati, ni akili. Nikizidisha ustadi, fedha zitarudi."

Neno hilo lina nusu ya ukweli. Karata inahitaji kumbukumbu, hesabu na subira, na mwenye kujizoeza huwashinda wengi. Lakini ustadi haubadilishi hukumu ya dau. Kila mchezaji akitoa fedha, kisha mshindi akazoa za wenzake, hiyo ni kamari, mshindi awe mjuzi au mbumbumbu. Suratul Maidah, aya ya 90 na ya 91, imeitaja kamari sambamba na ulevi, ikabainisha kuwa huzaa uadui na humzuia mtu na Swala. Hadithi iliyoruhusu zawadi za mashindano imetaja ngamia, farasi na mishale, karata haimo. Sheria ya nchi nayo haimruhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari.

Ama karata isiyo na dau, wanazuoni wamekhitilafiana. Wapo walioikataza kabisa, na wapo walioiruhusu kwa sharti kwamba isipoteze Swala wala wajibu, na isilete matusi.

Nasaha yetu kwa baba huyu: usiivunje simu. Keti na mwanao, akuonyeshe mchezo unavyokwenda, kisha mwandike pamoja kila shilingi iliyotoka na kila iliyorudi. Anayeweza kuhesabu turufu hatashindwa na hesabu hiyo, na jibu atalitamka mwenyewe. Badilisha namba ya siri ya fedha za simu, na fidia ailipe kwa jembe msimu ujao. Halafu mpeleke kwa ustadhi akasome mirathi. Elimu ile ya mafungu na hesabu ina uhaba wa vijana wenye akili kama yake.

Wabillahi tawfiq.