Kiti cha mbele si zawadi kwa mama mwenye mtoto

LUBUMBASHI – Katika taksi za Lubumbashi kuna adabu moja ambayo wakaaji wengi wanaisifu. Mama akisimamisha gari kwenye barabara ya Kasenga akiwa amebeba mtoto mgongoni, kijana aliyekaa mbele anashuka na kwenda kubanana na wengine nyuma. Dereva anaita: «Mama wa mutoto, kuya mbele!» Mama anashukuru, anafungua kitenge, anampakata mtoto kwenye mapaja, mlango unafungwa, safari inaendelea. Abiria wote wanajiona wametenda mema.

Adabu hiyo inaua. Kwa mtoto mdogo hakuna kiti kibaya ndani ya gari kuliko kile cha mbele, na katika magari yanayotembea Haut-Katanga ubaya wake ni mara mbili. Imefika saa ya madereva, wazazi na polisi kuacha kukiita kiti cha heshima.

Sababu ya kwanza ni gari lenyewe. Kongo inaendesha upande wa kuume wa barabara, lakini magari mengi ya Lubumbashi ni okasio kutoka Japani. Yanashuka bandari ya Dar es Salaam, yanapita Zambia na kuingia Kasumbalesa, usukani ukiwa kuume. Kwa Wazambia, wanaoendesha kushoto, gari kama hilo liko mahali pake: dereva yuko karibu na katikati ya barabara, abiria wa mbele yuko upande wa majani. Likishavuka mpaka, mambo yanageuka. Dereva ndiye anayekaa upande wa majani, na abiria wa mbele anakaa karibu na magari yanayokuja. Magari mawili yakigongana uso kwa uso, mara nyingi yanagongana kwa upande ule wa katikati ya barabara. Ndipo mama na mtoto walipopewa heshima.

Tena kuna barabara ya Likasi, kilometa kama 120, yenye malori ya madini usiku na mchana. Dereva mwenye usukani kuume akitaka kulipita lori, haoni mbele. Ili aone, anatoa kwanza upande wa kushoto wa gari kwenye njia ya wengine. Mama na mtoto wake ndio wanaotangulizwa. Mara nyingine dereva anamuuliza kabisa: «Mama, angaria, motokari inakuya?» Abiria aliyelipa nauli amefanywa kioo cha gari.

Sababu ya pili ni mikono ya mama. Kila mama anaamini kwamba hatari ikija atamkumbatia mtoto na hatamwachilia. Upendo huo ni wa kweli, lakini mikono haina nguvu hiyo. Gari likienda kilometa 50 kwa saa na kugonga ukuta au lori, ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa metre 10, yaani kutoka juu ya jengo la orofa tatu. Mtoto wa kilo 10 kwa nukta ile anavuta mikono kama mzigo wa kilo 200 au zaidi. Hakuna mzazi, hata awe mbeba mifuko wa soko la Kenya, anayeweza kushika mzigo huo. Mtoto anatoka mikononi na kwenda kwenye kioo. Na mama asiyefunga mkanda anamfuata nyuma kwa uzito wake wote, akimbana kwenye dashibodi. Aliyetaka kumkinga ndiye anayemponda.

Sababu ya tatu ni mfuko wa hewa, ule mafundi wanaouita erbagi. Watu wengi wanaona herufi SRS kwenye usukani na kwenye dashibodi na kufikiri kwamba gari lina malaika wake. Mfuko huo si mto wa kulalia. Unafunguka kwa mlipuko, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, kwa mwendo unaozidi kilometa 200 kwa saa. Umetengenezwa kwa ajili ya mtu mzima aliyefunga mkanda na kukaa mbali kidogo. Dereva anatakiwa kuacha kama sentimeta 25 kati ya kifua chake na usukani. Mtoto aliyepakatwa yuko karibu sana na kifuniko cha mfuko, na kichwa chake kinapokea mlipuko wote. Kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma, kikiwekwa mbele penye mfuko unaofanya kazi, ni hatari ileile: mfuko unakipiga mgongoni, na kichwa cha mtoto kiko papo hapo.

Na mfuko bila mkanda ni kazi nusu. Asiyejifunga anateleza mbele wakati gari linapofunga breki, na anakutana na mfuko ukiwa bado unalipuka. Mkanda ndio unaomshika mahali pake, mfuko unasaidia tu. Shirika la Afya Duniani linasema mkanda unaweza kupunguza hatari ya kufa hadi nusu, na kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 ulimwenguni. Mkanda huo wa pembe tatu si jambo jipya: Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo, aliutengeneza mwaka wa 1959, na kampuni yake ikaacha watengenezaji wengine wautumie. Ni kitu kilichokwisha kulipiwa kikiwa ndani ya gari. Lakini katika taksi za Lubumbashi mkanda umefichwa chini ya kitambaa cha kiti, umekatwa, au umefungwa fundo ili usipige kelele.

Wenye kupinga wana maneno yao, na yanafaa kujibiwa moja moja.

Wa kwanza wanasema: «Mjini kuna mashimo na foleni, nani anakimbia?» Lakini usiku, foleni ikiisha, taksi zinakimbia. Na hata kwa kilometa 30 kwa saa, mtoto aliyepakatwa anaweza kufa akigonga dashibodi.

Wa pili wanasema mkanda unamnasa mtu, gari likiungua au likianguka majini. Ajali za moto na maji ni chache kuliko za kugongana na kupinduka. Na hata katika hizo, anayeweza kufungua mlango ni yule ambaye hakuzimia. Mkanda ndio unaomwacha na akili zake.

Wa tatu wanasema Mungu ndiye mlinzi. Hakuna mchungaji wala shehe aliyefundisha kwamba Mungu akikupa kamba uikatae. Mzazi anayesali kabla ya safari na kumfunga mtoto wake hajapunguza imani.

Wa nne ndio wenye hoja nzito: taksi inachukua wawili mbele na wanne nyuma, na mkanda hautoshi kwa wote. Ni kweli. Lakini hoja hiyo haiwahukumu wanaodai mkanda. Inawahukumu wanaopakia watu wawili kwenye kiti kilichotengenezwa kwa mmoja, na wanaowatazama wakipita.

Watazamaji hao ni polisi wa barabarani, wale ambao kila dereva anawaita roulage. Wanasimama kwenye mizunguko, wanaona mama na mtoto mbele, wanaona abiria wawili kwenye kiti kimoja, na swali lao ni la karatasi. Mkanda ukitajwa, ni wa dereva peke yake, na mara nyingi mazungumzo yanakwisha kwa noti iliyokunjwa. Dereva amejifunza somo moja: anavuta mkanda kifuani akimwona polisi, anauachilia akishampita. Sheria ya barabara ya Kongo ni ya tarehe 30 Agosti 1978, kabla mifuko ya hewa haijaenea katika magari ya kawaida. Lakini polisi haitaji sheria mpya ili amwambie dereva amhamishe mtoto nyuma.

Aibu kubwa zaidi iko mahali pengine. Katanga ni nchi ya madini, na maelfu ya wafanyakazi wanajua mkanda vizuri kuliko polisi. Katika jipu za makampuni ya madini, gari haliondoki mpaka kila mtu amefunga. Asiyefunga anaandikiwa barua, na kazi inaweza kupotea. Saa ya jioni baba huyohuyo anashuka kwenye jipu ya kampuni, anaingia katika gari lake, anamweka mtoto wa miaka mitatu kwenye mapaja yake ili ashike usukani, na familia inacheka. Basi si kwamba hajui. Anajua, ila amezoea kuogopa barua ya bwana mkubwa kuliko maziko ya mtoto wake.

Basi ndogo za Hiace zina kasoro zake. Nyingi zilitengenezwa kubeba mizigo, na viti vyake ni mabenchi yaliyochomelewa hapa hapa kwenye bati la chini. Hakuna mkanda hata mmoja nyuma. Gari likigonga, mabenchi yanang'oka na kurundikana mbele pamoja na watu. Na mlango wa kuburuta uko kushoto, kwa sababu Japani upande huo ni wa majani. Lubumbashi mtoto wa shule anashuka katikati ya barabara, gari lingine likija nyuma. Mwenye gari anayepata pesa ya tairi mpya anaweza pia kumlipa fundi ahamishe mlango na kufunga mabenchi kwa bolti kwenye chuma cha fremu.

Wazazi wasingoje serikali. Mtoto akae nyuma, kila safari. Mwenye gari lake anunue kiti cha mtoto. Vya okasio vinapatikana, na bei ya kimoja ni ndogo kuliko ya redio na spika zilizojaa katika magari hayo hayo. Kisiwe kimepasuka, kisiwe kimetoka katika gari lililogongwa, na mikanda yake ivute sawasawa. Mtoto mchanga atazame nyuma mpaka apite miezi 15, na akizidi kukaa hivyo ni afadhali, kwa kuwa shingo yake bado ni laini. Aliyekua akalie kiti cha kumwinua, mpaka afikie urefu wa metre moja na nusu hivi, ili mkanda upite begani na usimkate shingo, upite nyongani na usimkate tumbo. Mama mwenye mimba naye afunge, mkanda wa chini ukipita chini ya tumbo.

Mama asiye na gari, naye ana neno la kusema. Akiitwa mbele, ajibu: «Hapana papa, niko nakaa nyuma.» Asijifunge mkanda mmoja pamoja na mtoto, kwa kuwa uzito wake utamponda mtoto kwenye mkanda huo. Aufunge yeye peke yake, amshike mtoto juu yake. Hatari haitaisha, lakini itapungua. Na kijana aliyezoea kumpisha mama mbele ampishe nyuma, kwenye nafasi nzuri yenye mkanda. Adabu ibaki, kiti kibadilike.

Madereva wana deni lao pia. Wafukue mikanda iliyo chini ya vitambaa. Wasikubali taa ya SRS iliyozimwa na fundi: taa hiyo inapaswa kuwaka gari linapowashwa na kuzimika baada ya nukta chache. Isipowaka kabisa, au ikibaki inawaka, mfuko hautegemewi. Mnunuzi wa okasio aulize pia kama mifuko ni ya Takata, kampuni ya Japani iliyofilisika mwaka wa 2017 baada ya mifuko yake mingi, ikiharibiwa na joto na unyevu wa miaka, kupasuka na kurusha vipande vya chuma usoni mwa watu. Namba ya shasi inatosha kumuuliza mtengenezaji wa gari.

Meya wa Lubumbashi, polisi wa barabarani, tume ya taifa ya kuzuia ajali na chama cha madereva ACCO wanaweza kukaa meza moja na kukubaliana jambo moja dogo lisilohitaji bunge wala bajeti: mtoto haketi mbele. Polisi akimwona, gari lisimame, mtoto ahamishwe, gari liendelee, bila noti. Kama makampuni ya madini yameweza kulazimisha mkanda kwa ajili ya watu wao, mji unaweza kufanya hivyo kwa ajili ya watoto wake. Siku ya kwanza madereva watanung'unika. Baada ya mwezi mmoja watakuwa wao wenyewe wanaosema: «Mama wa mutoto, kuya nyuma.»