UMEUZA MAHARAGE YOTE, MKEO MJAMZITO ANAKULA NINI?



Ndugu zangu, simama Tunduma uangalie malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia na Kongo. Mkoa wetu wa Songwe unalisha watu. Mahindi, maharage na karanga tunalima wenyewe, parachichi zipo Mbozi, samaki wapo Ziwa Rukwa. Sasa ingia jikoni kijijini: mama ana mimba ya miezi saba, mchana ugali na majani ya chumvi, usiku ugali na majani yale yale.

Tukiulizwa, jibu letu ni moja: "Wanawake wapewe elimu ya lishe." Subhanallah! Elimu wanapewa kliniki. Wengi wanajua kuwa maharage, mayai, dagaa na matunda vinamjenga mama na mtoto. Lakini aliyeuza maharage ni wewe, na pesa unazo wewe. Basi anayehitaji somo ni nani?

Soma Suratut-Talaq, aya ya 6. Hata mke aliyeachwa, akiwa na mimba, mume analazimika kumhudumia mpaka ajifungue. Huyo ni aliyeachwa! Je, huyu uliye naye ndani?

Wengine wanaleta mila: mjamzito asile mayai, eti mtoto atazaliwa hana nywele. Leteni aya, leteni hadithi! Hamna. Bibi Maryam (a.s.) alipokuwa kwenye uchungu, Allah alimpa tende mbivu na maji. Hakumwambia avumilie njaa.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 nchini wamedumaa. Kudumaa huanzia tumboni. Usiseme ni kadari wakati gunia umeliuza kwa mkono wako.

Fanya haya:

Kabla ya kuuza, tenga debe la maharage na la karanga kwa ajili yake.

Kuku akitaga, yai ni lake kwanza, mgeni baadaye.

Mpeleke kliniki mapema. Vidonge vya kuongeza damu anywe kila siku, na chai asinywe pamoja na chakula, maana inazuia madini ya chuma.

Na sisi masheikh tujiulize: utii wa mke tunaukumbusha kila siku kwenye mimbari. Haki yake ya chakula tunaikumbusha lini?

Allah atuongoze. Mfikishie na mwenzako.