Saratani ya Titi Huweza Kurudi

Juma hili twazungumza juu ya mama aliyekwisha kutibiwa saratani ya titi. Pengine alitoka Tabora mpaka Ocean Road, Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilometa 800. Pengine alikwenda Bugando, Mwanza. Amerudi, na nyumba imefurahi. Ni haki. Lakini ugonjwa huu huweza kurudi, mara nyingi katika miaka ya kwanza, mara nyingine hata baada ya miaka 10.

Basi, yafaa mama ajipapase kila mwezi: kovu, titi la pili, makwapani, na juu ya mtulinga karibu na shingo. Akikuta kinundu kipya, ngozi iliyogeuka rangi au kuwa nene, au kidonda kisichopona, aende akapimwe. Mkono wa upande uliopasuliwa ukivimba, si lazima iwe saratani, lakini na auonyeshe.

Pengine saratani hurudi mbali na titi, na hapo wengi hudanganyika. Wakati wa kulima tumbaku huko Urambo, nani asiyeumwa mgongo? Lakini maumivu ya jembe hupungua ukipumzika. Maumivu ya saratani iliyoingia mifupani huzidi, na usiku humwamsha mtu. Angalieni pia kikohozi kisichokwisha, pumzi fupi, macho ya manjano, kichwa kinachouma bila kukoma, na kukonda bila sababu. Dalili ikidumu majuma 2, msingoje siku ya kliniki. Mgongo ukiuma na miguu ikilegea, mpelekeni Kitete au hospitali iliyo karibu siku ile ile.

Dalili hizi zaweza kuwa za ugonjwa mwingine; daktari ndiye atakayejua. Na saratani iliyorudi kwenye kovu au kwapani tu, mara nyingi hutibika tena. Ikiwa imeenea, dawa za kuizuia na za kutuliza maumivu zipo.

Katika misafara ya zamani iliyopita hapa kwenda Bagamoyo, mizigo iligawanywa kwa wapagazi wengi. Nanyi fanyeni hivyo. Baba, weka nauli kando, wala usimwambie mkeo anyamaze. Watoto, mkumbusheni mama vidonge vyake. Kama daktari amesema miaka 5, asiviache kwa kuwa ajiona mzima. Nami karani nasema: karatasi za hospitali ziwekeni pamoja na vyeti vya ubatizo, zisipotee. Mficha maradhi, kifo humwumbua.