Mgeni Rasmi Amemtilia Nani Sumu?

Mgeni rasmi wa mahafali alichelewa saa mbili na nusu. Watoto wa darasa la saba, wakitokota ndani ya majoho ya kukodi, walikuwa wameshaimba wimbo wa kumkaribisha mara mbili, na mara zote mbili aliyekaribishwa alikuwa mwendesha bodaboda aliyepita na vumbi lake. Alipofika alishika kipaza sauti, akakipulizia, kisha akasema neno lililopigiwa makofi na uwanja mzima: televisheni imewaharibu watoto wetu, kwa sababu mtoto huwa kile anachokitazama.

Mfano aliokuwa nao ulikuwa tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili. Alisimulia jinsi mke mdogo alivyomtilia sumu mke mkubwa, kikombe kikanywewa na mtumishi, na ukweli ukafichuka katika sehemu ya juma lililopita. Alijua ni juma lipi. Kinamama wa mstari wa mbele walimsahihisha jina la mtumishi, naye akashukuru.

Mwandishi wa safu hii, aliyefika hapo kwa ajili ya mpwa wake, alibaki na swali moja ambalo hakuna aliyemuuliza mzee huyo. Ikiwa mtazamaji huwa kile anachokitazama, na mgeni rasmi ameitazama tamthilia hiyo asikose hata sehemu moja, yeye ameshamtilia nani sumu?

Swali hilo lina umri. Mwaka 1983 mwanasosholojia Mmarekani W. Phillips Davison aliandika kuhusu tabia ya watu kuamini kwamba habari na matangazo yana nguvu kubwa juu ya wengine, ila si juu yao wenyewe. Alianza na kisa cha kisiwa cha Iwo Jima katika Vita vya Pili vya Dunia. Wajapani walidondosha vikaratasi vya kuwaambia askari weusi wa Marekani kwamba vita hivyo ni vya mzungu, basi wasihatarishe maisha yao. Kesho yake kikosi kiliondolewa. Davison hakuona dalili kwamba vikaratasi viliwatikisa askari weusi. Waliotikiswa ni maofisa wao wazungu, waliosoma karatasi isiyowahusu na kuwaamulia wengine kwamba wamedanganyika.

Mgeni rasmi ni ofisa wa Iwo Jima. Na hayuko peke yake: baba anayelalamika kwamba simu inampoteza binti yake huwa analalamika akiwa na simu mkononi. Tangu lini mtu akasimama hadharani akasema, "Mimi ndiye niliyeharibiwa na televisheni"? Anayeharibika siku zote ni kijana, ni mwanamke, ni mtu wa kijijini, ni house girl. Msemaji alichanjwa lini dhidi ya ugonjwa huo, hatuambiwi.

Wazo hili, kwamba mtu huwa kile anachokitazama, wasomi wa mawasiliano huliita nadharia ya sindano: chombo kinadunga, dawa inaingia, mtu anabadilika. Ushahidi wake unaopendwa ni usiku wa Oktoba 30, 1938, Orson Welles alipoigiza katika redio ya CBS uvamizi wa viumbe kutoka Mirihi waliotua Grover's Mill, New Jersey. Magazeti ya kesho yake yaliandika kana kwamba Marekani nzima imekimbilia barabarani, na hadi leo kuna wanafunzi wanaofundishwa hivyo.

Lakini usiku uleule kampuni ya C.E. Hooper ilikuwa ikizipigia simu kaya 5,000 kuuliza wanasikiliza nini. Asilimia 2 ndiyo iliyokuwa na Welles. Kipindi kilichotamba saa ile kilikuwa cha mchekeshaji Edgar Bergen na mwanasesere wake, katika NBC. Hadley Cantril wa Princeton, aliyeandika kitabu kuhusu taharuki hiyo mwaka 1940, aliegemea mahojiano na watu 135, wengi wao wakiwa wamechaguliwa kwa sababu waliogopa. Huko ni kupima afya ya mji kwa kuhesabu walio wodini. Nayo magazeti yalikuwa na kisa chake: redio ilikuwa ikiyanyang'anya matangazo ya biashara. Leo redio na magazeti kwa pamoja yanailaumu simu, na msomaji mwenye akili ataelewa fedha zimehamia wapi.

Mwaka huohuo wa 1940, Paul Lazarsfeld na wenzake waliwafuata wapiga kura 600 wa wilaya ya Erie, Ohio, mwezi baada ya mwezi, Roosevelt akichuana na Willkie kuwania urais wa Marekani. Walikwenda kutazama kampeni za redio na magazeti zikiwageuza watu. Waliogeuka kutoka kwa mgombea mmoja kwenda kwa mwingine walikuwa wachache mno, na kilichotajwa zaidi kuliko redio ni maongezi na watu wanaofahamiana. Aliyewahi kukaa kijiwe cha kahawa hahitaji nauli ya kwenda Ohio. Gazeti moja pale husomwa na mmoja na kubishiwa na kumi, na habari inayotoka kijiweni si ile iliyoingia.

Mfano mzuri zaidi uko karibu. Mwanahistoria Laura Fair amechunguza jinsi Wazanzibari wa miaka ya 1950 na 1960 walivyozipokea filamu za Kihindi, hasa Awara ya mwaka 1951, ya Raj Kapoor. Vijana walizichukua wakazifanya hoja za kujadili jambo lililokuwa likiwakera nyumbani kwao: ndoa ya kuchaguliwa na wazee dhidi ya ndoa ya kupendana. Wanawake walikuwa na maonyesho yao, zanana, wakilia humo na kutoka wakijadiliana hadi majumbani. Nani alikuwa akimtumia nani hapo?

Au mgeni rasmi aingie kibanda umiza chochote, yaani ukumbi wa video wa mtaani. Mtafsiri anasimamisha filamu ya Wachina, anampa mhusika jina la mtaani, anamtukanisha kwa Kiswahili cha Manzese, na ukumbi unacheka palipokusudiwa pa kulia. Mtafsiri Lufufu wa Tanzania aliifanya kazi hiyo hadi kanda zake zikatafutwa kwa jina lake yeye, si la aliyetengeneza filamu. DJ Afro anafanya vivyo hivyo Kenya. Wakati wa sindano, wagonjwa hawa walikuwa wamemnyang'anya daktari bomba.

Wapo wanaobisha. Mmoja alimwambia mwandishi, kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi, kwamba kijana wa jirani yake alianza kuvaa suruali iliyochanika magotini baada ya kuona video ya Bongo Fleva. Haya. Tanzania imetazama Ligi Kuu ya Uingereza kila mwisho wa juma kwa miaka mingi, kwa macho makavu na roho juu. Kama kutazama ni kuwa, Taifa Stars ingekuwa imeshabeba Kombe la Dunia. Haijawahi hata kufika fainali zake. Suruali imepenya, chenga imekwama wapi?

(Na kwa kuwa mpira umetajwa: mtu akitaka kuchunguza madhara ya televisheni, aanze na king'amuzi, ambacho malipo yake huisha dakika kumi kabla ya mechi na hayajawahi kuisha wakati wa taarifa ya habari.)

Wengine hukimbilia Twende na Wakati, mchezo ulioanza kurushwa na Redio Tanzania Julai 1993, wenye Mkwaju, dereva wa lori na wanawake wake wa njiani. Ni kweli, mahali mchezo huo uliporushwa matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka kuliko Dodoma, ambako mchezo haukurushwa hadi 1995 ili watafiti wapate cha kulinganisha. Lakini watafiti haohao waliona wasikilizaji wakizungumza na wenzi na marafiki kuhusu waliyoyasikia, na aliyeshawishika alikuta njia za uzazi wa mpango zikitolewa katika kliniki. Mkwaju hakumdunga mtu. Alizua mazungumzo chumbani, na mazungumzo yakafanya kazi.

Hotuba ya mgeni rasmi yenyewe ilirushwa kwa spika nne kubwa kwa dakika 50. Kinamama waliondoka wakibishana kama yule mtumishi amekufa kweli au atarudi. Mpwa wa mwandishi alikuwa amehesabu "kimsingi" 31. Mwalimu mkuu ndiye pekee aliyeonekana akiandika, na katika daftari lake kulikuwa na mstari mmoja: saruji, mifuko 20, ahadi. Hadi safu hii inakwenda mitamboni, saruji ilikuwa haijafika.