Ziara ya Maporomoko ni Somo la Mto Mzima

Miongoni mwa safari ambazo shule za sekondari hupenda kuwapangia wanafunzi wao, ile ya kutazama maporomoko ya maji haikosi. Katika Mkoa wa Kagera mahali panapotajwa kwanza ni Rusumo. Wanafunzi hushuka garini, husimama karibu na daraja, husikiliza ngurumo, hupigwa picha, hula chakula chao, kisha hurudi nyumbani. Ziara ya namna hiyo si mbaya, maana macho nayo yana haki yake. Lakini kwa upande wa elimu ni nusu ya ziara tu, na nusu iliyosahauliwa ndiyo yenye manufaa makubwa zaidi kwa wananchi wa Karagwe na Kyerwa.

Yafaa kwanza kuitazama ramani. Maporomoko ya Rusumo yako katika Wilaya ya Ngara, kusini mwa Karagwe, mpakani mwa Tanzania na Rwanda. Kimo chake ni karibu mita 15. Maji ya Ruvubu yatokayo Burundi na yale ya Nyabarongo yatokayo Rwanda huwa yamekwisha kukutana kabla tu ya kufika hapo. Kutoka Rusumo Mto Kagera huelekea kaskazini, ukiwa mpaka wa nchi mbili, huku ukiambaa upande wa magharibi wa Karagwe na Kyerwa. Hufika kwenye pembe ya Ibanda, mahali Tanzania, Rwanda na Uganda zinapokutana, kisha hugeuka kwenda mashariki. Baada ya hapo, penye Murongo upande wa Kyerwa na Kikagati upande wa Uganda, maji huteremka tena kwa kasi juu ya mawe. Kwa hiyo wilaya hizi mbili zimekaa kati ya miteremko miwili ya mto mmoja, na ni vigumu kuielewa hiyo miwili bila kukielewa kipande kilicho katikati.

Maporomoko huzaliwa na tofauti ya mawe. Milima ya sehemu hizi imejengwa kwa mawe ya kale ambayo wanajiolojia huyaita mawe ya Karagwe-Ankole, jina ambalo mwanafunzi wa Kayanga aweza kulisoma katika vitabu vya dunia nzima. Baadhi ya mawe hayo yalikuwa mchanga uliobanwa na kupikwa na joto la ardhini hata ukawa mwamba mgumu mno. Mengine yalikuwa tope, nayo yamebaki laini na yenye matabaka. Mto ukipita juu ya mawe laini huyala upesi. Ukifika kwenye ukingo wa mwamba mgumu hushindwa kuula kwa haraka, na hapo ndipo maji hulazimika kuruka au kukimbia.

Kati ya kingo hizo za mwamba, mto hutembea polepole kama mzee asiye na haraka. Hutawanyika katika vinamasi vya mafunjo na viziwa vingi. Mgeni anayetafuta ngurumo hulipita eneo hili bila kugeuza kichwa. Hata hivyo ndipo kazi kubwa inapofanyika. Mvua nyingi zikinyesha milimani, vinamasi hupanuka na kuyapokea maji. Mvua zikikoma huyaachilia kidogo kidogo. Tope linaloletwa na mto hutua humo kwa sababu maji yaendayo taratibu hayana nguvu ya kulibeba. Mkondo unaofika Murongo huwa umekwisha kutulizwa na kuchujwa. Anayesifu maji ya Murongo bila kuyasifu mafunjo ya juu yake anamsifu mpishi na kumsahau mkulima.

Jambo hili limekuwa zito zaidi tangu mto ulipoanza kutumika kutoa umeme. Ujenzi wa kituo cha Rusumo ulianza mwaka 2017. Uwezo wake ni megawati 80, na umeme wake hugawanywa sawasawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Huko Murongo na Kikagati kipo kituo kidogo zaidi ambacho Tanzania na Uganda zinashirikiana. Mwanafunzi wa fizikia anaweza kuijaribu hesabu ya Rusumo mwenyewe. Mita ya ujazo moja ya maji ina kilo 1,000. Ikianguka mita 15 hutoa juli 147,000. Ili kupata megawati 80 kwa anguko hilo peke yake, ingehitajika zaidi ya mita za ujazo 540 kila sekunde, hata kama mitambo isingepoteza chochote, na huo ni mkondo unaozidi sana ule wa kawaida wa mto. Megawati 80 zimetoka wapi basi? Jibu ni kwamba wahandisi huinua maji nyuma ya bwawa na kuyapitisha katika handaki hadi mahali palipo chini zaidi, hivyo anguko la kwenye mitambo huwa kubwa kuliko lile linaloonekana na mtalii. Mwanafunzi aliyelipata swali hilo amevuna katika safari yake zaidi ya yule aliyerudi na picha kumi.

Lipo swali la pili. Kabla mitambo haijajengwa, nguvu hiyo ya maji ilikuwa ikienda wapi? James Joule wa Uingereza alishughulika nalo sana. Mwaka 1845 alieleza kuwa maji ya Niagara yanapaswa kupata joto la ziada kwa kuanguka kwake, na mwaka 1847 rafiki yake William Thomson alimkuta katika milima ya Alps, akiwa ndio kwanza ameoa, amebeba kipimajoto kirefu kwa ajili ya maporomoko ya huko. Kwa anguko la mita 15 ongezeko hilo ni kama nyuzi 0.035 za Sentigredi, dogo mno kwa vipimajoto vya maabara zetu. Mwanafunzi anayekwenda kupima na kurudi bila kitu amejifunza pia: ametambua kwamba kuna mambo ya kweli ambayo chombo chake hakiwezi kuyaona.

Karagwe yenyewe iliwahi kupokea wageni waliopima. Speke na Grant walifika kwa Mfalme Rumanyika mwaka 1861, na Stanley mwaka 1876. Huyu wa mwisho alikwenda kwenye chemchemi za maji moto za Mtagata, ambazo leo zimo Kyerwa, akachovya kipimajoto na kuandika kiasi cha nyuzi 54. Namba hiyo bado yaweza kulinganishwa na vipimo vya leo. Ni aibu kidogo kwamba mpita njia wa karne ya kumi na tisa aliacha kipimo, na shule iliyo karibu na chemchemi isiwe na daftari la vipimo vyake yenyewe.

Mto pia ni mchukuzi asiyechagua mzigo. Magugumaji yaliyolisumbua Ziwa Viktoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 yaliendelea kuletwa na Kagera kutoka sehemu za juu. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari nchini Rwanda, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Tanzania katika muda wa saa 24 hivi. Katika majuma hayo miili ya waliouawa ilichukuliwa na maji, ikapita mbele ya Karagwe na Kyerwa, ikafika ziwani. Mwalimu asiifiche habari hiyo kwa kuogopa kuharibu furaha ya safari. Mahali hapo panastahili heshima, na kisa hicho kinafundisha kwa uchungu kwamba aliye chini mtoni hupokea yote yatendwayo na walio juu.

Wako watakaosema kwamba ziara ya mto mzima ni ghali, na kwamba mto una viboko, mamba na kichocho. Hoja hizo ni za kweli, na hakuna somo linalostahili maisha ya mtoto. Wanafunzi wasiingizwe majini, na ukingo usisogelewe bila mwenyeji anayeujua. Lakini mto mzima hauhitaji basi la kukodi. Kila mteremko wa Karagwe na Kyerwa ni sehemu ya Kagera. Baada ya mvua, shule ichukue chupa mbili za maji: moja kutoka mfereji ulio chini ya kibanja chenye migomba na kahawa, ambacho ardhi yake imefunikwa kwa nyasi, na nyingine kutoka chini ya shamba lililolimwa likaachwa wazi. Chupa ziachwe zitulie usiku kucha, na asubuhi kina cha tope kipimwe kwa rula. Chupa hizo mbili zitaonyesha ni wapi tope linaloweza kujaza mabwawa ya umeme linakoanzia.

Wengine hulalamika kwamba mitambo imeyapunguzia maporomoko uzuri wake. Malalamiko hayo yasidharauliwe. Umeme ni haja ya wananchi, lakini samaki, mimea na watazamaji nao wanahitaji kiasi cha maji kiachwe kipite juu ya mwamba hata wakati wa kiangazi, na kiasi hicho kitangazwe ili umma uweze kukikagua. Tena nchi zilizokubaliana kugawana umeme kwa usawa zina wajibu wa kugawana vilevile kazi ya kulinda vinamasi na miteremko. Kuanzishwa kwa Hifadhi za Taifa za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe mwaka 2019 ni hatua njema, ila hifadhi haiwezi kulinda shamba lililo nje ya mipaka yake. Hilo hulindwa na mkulima anayejua kwa nini analilinda, na mkulima wa kesho ndiye mwanafunzi wa leo.

Kwa sababu hiyo, kila shule ya wilaya hizi ingeanzisha daftari moja la mto: mvua ya kila juma, kina cha tope katika chupa, kimo cha maji kwenye kijito kilicho jirani. Kazi hiyo inahitaji rula, chupa na uaminifu. Likitunzwa miaka kumi, daftari hilo litakuwa na habari za Kagera ambazo mtalii hawezi kuzipata kwa kutazama mara moja, na ambazo mhandisi wa Rusumo au Murongo angefurahi kuzisoma.