Samaki wa Sabaki Wana Noma Yao, na Hakuna Anayeiongelea

Ukitaja samaki Malindi, kila msee anawaza changu, kolekole ama kamba wa bei ya watalii. Hata stori za uchumi wa bluu huishia baharini. Lakini hapo nyuma ya mji kuna samaki wa maji baridi, tilapia wa Mto Sabaki. Wanasayansi humwita Oreochromis spilurus. Huyu ni mzawa, hakuletwa na mradi wa mtu.

Wa mradi yuko kwa bwawa. Tangu 2009, serikali ilipotangaza mabwawa 200 kwa kila eneo bunge katika maeneo bunge 140, ufugaji umeuzwa kwa vijana kama bizna rahisi: chimba, jaza maji, tupa vifaranga, hesabu doo. Anayefugwa sana Kenya ni tilapia wa Nile, si huyu wetu.

Ngori inaanza hivi. Bakteria kama Aeromonas hawasubiri kuletwa, tayari wako majini, mtoni na kwa bwawa. Samaki akiwa fiti hawamsumbui. Sasa warundike, mwaga chakula hadi kioze chini, washike na wavu vibaya magamba yang'oke. Ongeza joto la Pwani: maji yakipata moto oksijeni inapungua, na bakteria wanazaana mbio. Hapo ndipo utaona vidonda vyekundu, mapezi yameliwa, tumbo limevimba. Streptococcus naye akiingia, samaki anatoka macho na kuogelea akizunguka kama amepiga mnazi.

Usichanganye na ile ya alfajiri, samaki wote wakihema juu ya maji na bwawa zima kufa kabla ya chai. Hiyo mara nyingi ni oksijeni. Ya bakteria kwa kawaida huanza na watano leo, wanane kesho.

Ukiona hivyo, utajaribiwa kutwanga vidonge vya watu na kuvichanganya na chakula. Buda, samaki mgonjwa hali! Dawa inabaki majini, bakteria wanaizoea, na hao hao wanaweza kuingia kwa kidonda cha mkono wako.

Halafu unafungulia maji machafu. Yanaenda wapi? Kama bwawa liko karibu na mto, yanaenda kwa mzawa wetu, pamoja na vijidudu na tilapia wageni waliotoroka, ambao wanaweza kuzaana naye hadi ukoo wake upotee. Na wewe wa Nairobi usicheke. Mto Nairobi huingia Athi, Athi inakuwa Galana, Galana inakuwa Sabaki. Uchafu wenu unashuka huku, na samaki anayeishi kwa maji machafu huugua haraka.

Kwa hivyo, wakianza kufa, toa maiti kila asubuhi na uzike mbali na maji. Punguza chakula, ongeza maji safi. Wavu wa bwawa hilo usiazime mtu, na vifaranga wako wasiende popote. Uvuvi uko chini ya kaunti, so mtafute ofisa wake mapema, umpe samaki anayeelekea kufa, kwa barafu. Aliyeoza tangu jana hataonyesha kitu.